Panya wa maabara ana ratiba, mbuzi wako hana

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka la dawa za mifugo, na wewe unayekusanya kuku vijijini kupeleka Dodoma mjini: leo sikuja na chanjo wala mbegu za malisho. Nimekuja na ugomvi. Ni ugomvi wa heshima, maana wengi wenu ni wa umri wa wazazi wangu, lakini ni ugomvi.

Nikitaja kumbukumbu mnanijibu kwa sauti moja: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali mnaijua, na wengine daftari mnalo kweli. Nimeyafungua madaftari hayo Goima, Mrijo, Farkwa na Kwamtoro. Yameandikwa nini? Mbuzi mmoja ameuzwa. Kuku saba wamekufa. Fisi kachukua ndama. Tumenunua dawa ya minyoo. Kila mstari ni wa jambo lililokwisha. Hilo ni daftari la msiba. Linakueleza nani ametutoka, halikuelezi kesho asubuhi uamke ufanye nini.

Ninachokitetea hapa ni ukurasa mwingine kabisa, ukurasa wa kazi ambazo bado hazijafanyika. Kila kazi iwe na tarehe yake, iwe na jina la mtu mmoja, na ikishafanyika ipigwe alama ya vema. Bila vitu hivyo vitatu mimi nasema kazi hiyo haipo, hata kama kijiji kizima kimeipitisha kwenye mkutano.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili usiseme namnyooshea kidole mwenzangu.

Mwaka juzi mwezi wa sita nilikwenda kijiji kimoja cha huku kwetu, sitakitaja, kuchanja kuku wa kikundi cha akina mama kumi. Chanjo ya mdondo ya matone mnaijua, ile inayotengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania: tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inachanja kuku wengi, kwa hiyo mama mwenye kuku kumi na wawili akinunua peke yake nyingi itamwagwa. Ndiyo maana walichanga. Ilikuwa tarehe 11 Juni. Tulimaliza mapema, nikapewa uji, nikanywa, nikasema, "Basi mama zangu, tunarudia baada ya miezi mitatu." Wakapiga makofi. Nikawasha pikipiki nikaondoka.

Miezi mitatu kutoka hapo ni 11 Septemba. Tarehe hiyo haikuandikwa popote. Mimi nilidhani mwenyekiti atanipigia. Mwenyekiti alidhani mweka hazina ndiye anayefuata chupa dukani. Mweka hazina alidhani nitakuja nayo mimi kama mara ya kwanza. Septemba ikapita na vumbi lake. Wiki ya pili ya Oktoba, upepo ukiwa mkali, simu ikaja: kuku wanasinzia, wanaharisha kijani, wengine shingo zimepinda. Nilifika siku hiyo hiyo na sikuwa na la kufanya. Kuku aliyekwisha kuambukizwa mdondo haokolewi na chanjo, na hata aliye mzima anahitaji wiki moja hadi mbili kinga ijengeke. Siku ile ya uji walikuwa kuku mia moja na hamsini na kitu. Walibaki hawafiki ishirini. Mama mmoja alikuwa amewawekea wa kwake hesabu ya sare na madaftari ya mtoto wa kidato cha kwanza, Januari.

Mwenyekiti hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, ulisema miezi mitatu. Sisi tulijua utarudi."

Sasa niambie, nini kilikosekana pale? Chanjo ilikuwepo dukani. Pesa ya mchango ilikuwepo kwa mweka hazina. Elimu ilikuwepo, kila mama angekujibu "miezi mitatu" hata ukimwamsha usiku. Kilichokosekana ni karatasi yenye mstari mmoja: 11 Septemba, kufuata chupa, na jina la mtu.

Desemba ile ile alinitembelea mwenzangu tuliyesoma naye stashahada ya mifugo Mpwapwa. Yeye hakuja ugani, anatunza panya katika maabara ya utafiti. Msicheke. Sisi huku panya tunamjua kwa kufukua mbegu za alizeti na kutoboa magunia ya mtama. Wenzetu wanamfuga, kwa sababu majaribio mengi ya dawa na chanjo za binadamu hupitia kwake kabla hayajafika kwako. Nikamsimulia habari ya mdondo. Hakunipa pole. Akatoa simu, akanionyesha jinsi programu ya kompyuta ya kusimamia makundi ya panya inavyofanya kazi.

Kila kizimba kina namba na kadi yake. Siku jike anapowekwa na dume, mfanyakazi anaingiza tukio hilo moja tu. Programu yenyewe inahesabu kwenda mbele. Panya huyu mdogo hubeba mimba siku 19 hadi 21, kwa hiyo tarehe fulani kaangalie kama amezaa. Akizaa, ingiza siku aliyozaa. Siku 21 baadaye waachishe watoto kunyonya, na siku hiyo hiyo tenganisha majike na madume. Tukio moja limezaa kazi kadhaa, na kila kazi imezaliwa ikiwa na tarehe yake. Asubuhi mfanyakazi akifungua anaona orodha: kazi za leo, kazi zilizochelewa, na ipi ni ya nani. Akimaliza anaweka alama, na jina lake linabaki pale. Asipoifanya, haifutiki. Kesho anaikuta, keshokutwa anaikuta, imewekewa alama ya kuchelewa, mpaka mtu aifanye au aandike kwa nini haikufanyika.

Ukali huo una sababu. Panya jike akibaki na dume anaweza kupata mimba tena ndani ya siku moja baada ya kuzaa. Ukichelewa kuwaondoa watoto wa kwanza, wa pili wanazaliwa juu yao ndani ya kizimba kile kile, vichanga vinakanyagwa na kufa. Na wale wakubwa wakiachwa pamoja hadi kama wiki ya sita, wanaanza kupandana ndugu kwa ndugu. Hapo hujui tena nani mzazi wa nani, na kazi ya miaka imeharibika kwa ajili ya Ijumaa moja iliyosahaulika.

Mwenzangu akaniuliza, "Kuku wako anaangua siku ya ngapi?" Nikajibu ishirini na moja. Akanyamaza, akanitazama.

Usidhani haya yalianza na kompyuta. Alikuwepo mwanamke Marekani, Abbie Lathrop, mwalimu wa shule aliyeacha kazi kwa sababu ya ugonjwa. Alihamia Granby, mji mdogo wa mashamba katika jimbo la Massachusetts, akajaribu kufuga kuku. Biashara ya kuku ikafa. Mnamo 1900 hivi akaanza na jozi ya panya, awauzie watu wanaopenda kufuga vinyama nyumbani. Wakaongezeka mpaka wakapita elfu kumi, akawa anawalipa watoto wa jirani kusafisha vizimba. Watafiti wa vyuo wakaanza kununua kwake. Wafugaji wa panya walikuwepo wengine, lakini Lathrop aliandika: nani amewekwa na nani, lini, na kimezaliwa nini. Alipoona vidonda visivyo vya kawaida kwenye ngozi ya baadhi ya panya wake aliwapelekea watafiti, na kwa kutumia panya wake na kumbukumbu zake akaandika makala za utafiti wa saratani pamoja na daktari Leo Loeb. Alifariki 1918. Mwaka 1921 mwanasayansi Clarence Cook Little alianzisha ukoo mpya kutokana na panya waliotoka kwa mama huyu, ukoo unaoitwa C57. Leo panya weusi wa ukoo huo ndio wanaotumika zaidi kuliko wote katika maabara duniani. Na 57 ni nini? Ni namba ya jike mmoja. Angekuwa ameandikwa "yule mweusi wa pale kona", habari yake ingeishia pale kona.

Huyo ni mfugaji mdogo, ndugu zangu, aliyefilisika kwa kuku.

Kwetu pia yapo. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafuga panya buku na kuwafundisha kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa huko mwaka 2013, jina lake Magawa, alifanya kazi Kambodia na kupewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, baada ya miaka ya kunusa mabomu. Panya ana jina, mwaka wa kuzaliwa na hesabu ya kazi zake. Nenda sasa bomani kwako uniambie yule beberu wako alizaliwa mwezi gani.

Najua utanijibu: "Afisa, ng'ombe wangu wana hereni za kielektroniki." Vizuri. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya mwaka 2010, hereni naziunga mkono na nimezivalisha kwa mikono yangu. Lakini hereni ni jina. Jina halimwogeshi ng'ombe. Namba iliyoko sikioni itakusaidia aliyepotea atambulike, haitakuamsha kumpa dawa ya minyoo.

Lipo jibu lingine ninalolipata, hasa kwa wazee: "Sisi tunakumbuka kichwani." Hili silibezi. Nimekaa na mzee wa Kibarbaigi akanitajia ng'ombe wake mmoja mmoja, rangi, mama, na mama wa mama, bila kukosea. Mimi na diploma yangu siwezi. Lakini mzee anawakumbuka ng'ombe kwa sababu jioni anawaona wakiingia bomani. Tarehe hairudi bomani jioni. Hakuna anayeiona ikikosekana.

Wengine hawasemi, ila najua wanachohofia: ukiandika idadi ya mifugo, karatasi itaishia mezani kwa mtu wa ushuru. Basi usiandike idadi. Ukurasa ninaoutaka hauna idadi hata moja. Una kazi tu, na unabaki nyumbani kwako. Sihitaji kuuona.

Na kuna wale wa kusubiri programu ya simu. Wameshapita watu huku na vishikwambi vya kuandikishia mifugo, wakafundisha siku mbili, wakala posho wakaondoka, na mtandao ukaondoka nao. Mimi siamini kwamba mfugaji wa Chemba anasubiri programu. Alichonacho mwenzangu maabara ni kalenda inayojua kuhesabu mbele na isiyokubali kunyamaza. Vyote viwili unaweza kuvifanya kwa kalenda ya ukutani unayopewa bure dukani mwisho wa mwaka, msumari, na kalamu mbili zilizofungwa kwa uzi, ya bluu na nyekundu.

Fanya hivi. Siku jambo linapotokea kwa mnyama, usiliandike hilo tu, hesabu hapo hapo yanayolifuata uyaandike kwenye tarehe zao. Umemlalisha kuku mayai tarehe 3 Machi? Kabla hujatoka bandani andika kwenye 10 Machi: kupima mayai kwa tochi. Kwenye 24 Machi: kuangua. Vifaranga wakitoka siku hiyo, andika 31 Machi chanjo ya mdondo. Kama ni chotara uliowanunua, ongeza 7 Aprili gumboro, 14 Aprili kurudia mdondo, 21 Aprili kurudia gumboro, na aliyekuuzia akikupa ratiba yake fuata ya kwake. Kisha ruka miezi mitatu mbele, andika mdondo tena. Ni kazi ya dakika tano na hutakaa uhesabu tena.

Kwa mbuzi, tukio la kuandika ni siku dume lilipompanda jike. Mimba ya mbuzi ni kama siku 150. Ukiruhusu dume tarehe 1 Julai, mtoto anakuja karibu na 28 Novemba, na wewe unaijua Novemba ya huku: majani hakuna, mama hana maziwa, mtoto anakufa, unasema ni kijicho cha jirani. Ukilifunga dume mpaka 1 Agosti, unazalisha karibu na 29 Desemba, mvua zikiwa kawaida zimeshaanza. Mwezi mmoja huo hauna gharama yoyote zaidi ya kamba na tarehe. Na ukimchoma mbuzi sindano, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja, uziandike. Hiyo nayo ni kazi yenye tarehe, tena inawahusu watoto wako.

Kwenye kila kazi weka jina. Jina la mtu. "Kikundi" si jina, "sisi" si jina, na "nyumbani" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu baba anasoma mama na mama anasoma baba. Andika Asha, andika Juma. Kama hujui kusoma, mtoto wa darasa la nne anaweza, na anapenda kuliko unavyofikiri. Kazi ikifanyika, alama ya vema kwa bluu. Jua likizama haijafanyika, izungushie duara jekundu, na duara halifutwi mpaka kazi iishe. Kila anayepita mlangoni aone aibu.

Mwenye duka la dawa, usidhani umepona. Unalalamika kwamba chanjo zinakuishia muda kwenye friji, na mwezi ujao unalalamika kwamba wateja wamekuja ukiwa huna. Mtu akinunua chupa ya mdondo kwako leo, andika jina lake kwenye kalenda ya dukani, miezi mitatu mbele, wiki moja kabla. Ukiwa na majina thelathini kwenye wiki moja unajua uagize chupa ngapi, na unajua umpigie nani. Hata wewe wa kukusanya kuku, ukijua nani ataangulisha lini utajua nani atakuwa na jogoo wa kuuza Krismasi, badala ya kuzunguka na tenga tupu kijiji kwa kijiji ukiteketeza petroli.

Nimalizie na sisi wenyewe maafisa, maana haki haina upande. Fomu zetu za kila mwezi zinauliza tumechanja kuku wangapi. Haziulizi wangapi walitakiwa kuchanjwa mwezi huo na hawakuchanjwa. Oktoba ile ya mdondo, taarifa yangu ilikuwa nzuri tu. Nilikuwa nimeandika kuku wa Juni, na wa Juni walikuwa wamechanjwa kweli. Ningependa kila afisa, kabla hajawasha pikipiki, asiondoke mpaka tarehe ya kurudi imeandikwa ukutani kwa mwenyeji na si kwenye shajara yake peke yake.

Wale akina mama wameanza upya. Kalenda iko kwenye mlango wa mwenyekiti, msumari mmoja, kalamu mbili. Mara ya mwisho kazi ilikuwa ya tarehe 4, kuleta chupa, na jina lililoandikwa lilikuwa langu. Nilikwama mnadani nikasema nitakwenda kesho. Tarehe 5 saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una duara hapa."